Alichokisema Vigelegele Redioni

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mjini kote walimwita Vigelegele, kwa sababu hakuna aliyejua kuvitoa vinywani mwa watu kama yeye. Kazi yake ilikuwa ushereheshaji. Harusi, mahafali, sherehe za kuwaaga wastaafu, yote alisimamia yeye, na hata duka moja la magodoro lilipofunguliwa aliitwa yeye na maiki yake, na magodoro yakaisha kabla ya saa tisa mchana. Alikuwa mtu mfupi mwenye kitambi cha kiasi na suti tatu. Ya kijivu ilikuwa ya harusi za wenye nazo, ya bluu ya wengineo, na ya kahawia ya shida.

Kipaji chake kilikuwa kupiga chuku. Bwana harusi akiwa fundi bomba, kwa Vigelegele aligeuka mtu ambaye pasipo yeye nusu ya mji ungeoga kwa mate. Mama mkwe aliyenuna tangu asubuhi alitangazwa kuwa mwanamke mwenye haya, anayecheka kwa ndani. Watu walijua anatia chumvi, wakapiga makofi hivyo hivyo, na hakuna aliyedhurika. Miaka kumi na saba ilikwenda namna hiyo mpaka akawa hana tena kipimo kingine cha neno. Likitoka na watu wakalipokea, basi ni neno zuri.

Mtu mmoja tu hakuwa akimcheka sana, naye ni dada yake. Mama yao alifariki Vigelegele akiwa na miaka tisa, dada akiwa na kumi na tisa, mwanafunzi wa uuguzi. Alimchukua mdogo wake akaishi naye kwenye chumba cha kupanga, akamlaza kwenye godoro karibu na dirisha, akamfulia sare, akamsomesha kwa mshahara wake wa kwanza na iliyofuata. Sasa alikuwa muuguzi mkongwe katika hospitali kubwa ya mji. Vigelegele alimwita Dada, bila kuongeza jina, kana kwamba duniani hakuna dada mwingine. Kwenye mambo mengine yote alikuwa mwongeaji, lakini mbele ya Dada aliongea kwa adabu.

Ugonjwa ulipoingia, kumbi ndizo zilizofungwa kwanza. Harusi kumi na nne alizokuwa ameandikiwa zilisogezwa mbele, kisha zikasogezwa tena, kisha watu wakaacha kupiga simu. Alijaribu kusherehesha moja kwa njia ya simu, kila mgeni akiwa nyumbani kwake, mtandao ukakatika pale pale bibi harusi alipoulizwa kama amekubali. Walipounganishwa tena walikuta ameshakubali, ameshalia na ameshavua shela. Mkewe alitoa cherehani uvunguni, akaanza kushona barakoa kutokana na mapazia ya zamani, na kwa wiki nyingi hizo barakoa ndizo zilizoweka chakula mezani. Suti ya kahawia ilining'inia mlangoni bila kazi.

Mwezi wa nne wa kufungiwa, serikali ikatangaza kwamba itasikiliza maoni ya watu kwa wiki mbili, halafu itaamua kama vizuizi vilegezwe. Hapo mji uligawanyika. Watu walibishana kwenye foleni ya mkate huku wakiwa wamesimama kwenye alama za rangi, walibishana kutoka dirisha hadi dirisha, ndugu kwa ndugu wakanuniana. Wengine walisema tufungue, maana njaa nayo inaua. Wengine walisema tukifungua tutazika hadi tuchoke. Redio ya mji ikaweka mjadala kila asubuhi, na wasikilizaji wakakaribishwa kupiga simu.

Vigelegele aliusikiliza kila siku, amekaa ukingoni mwa kochi, akimjibu mtangazaji kana kwamba anamsikia. Alhamisi moja akaja daktari, mtu wa sauti ya upole, akasema wodi ya waliotengwa imelemewa na akaomba watu wavumilie wiki tatu zaidi. Hilo la wiki tatu ndilo lililomchoma. Alichukua simu, akapiga, akasubiri dakika arobaini huku muziki ukimlia sikioni, mpaka akaingizwa hewani.

Alianza vizuri. Alisema habari za wapambaji waliouza viti vyao, za wapiga picha waliogeuka wabeba mizigo, za madereva wa magari ya harusi ambao magari yao yalikuwa yamelala. Yote yalikuwa kweli. Kisha mtangazaji akamuuliza, "Sawa, lakini daktari hapa anasema wodi zimelemewa. Unamjibu nini?"

Hakuwa na jibu. Na mtu wa maiki anajua ukimya wa sekunde mbili ni nini, kwake ni sawa na kuvuliwa suruali mbele ya wakwe. Basi mdomo ukatangulia.

"Daktari ana yake," alisema. "Mimi dada yangu wa toka nitoke ni muuguzi wa wodi hiyo hiyo. Ananiambia vitanda viko vitupu. Wanakaa wanasukana nywele na kula karanga. Kama kuna kilicholemewa huko, ni pipa la maganda."

Mtangazaji aliangua kicheko. Yule daktari alisikika akianza kusema kitu, lakini kicheko kilimfunika. Vigelegele alikata simu akiwa amechangamka, jasho likimtoka kama mtu aliyetoka jukwaani, miezi minne baada ya jukwaa la mwisho.

Mkewe alikuwa amesimamisha cherehani. "Dada amekwambia hayo lini?"

"Ni namna ya kusema tu, mama watoto."

Mkewe aliinamia kitambaa. Aliendelea kushona.

Ukweli ni kwamba Dada hakuwa amemwambia lolote. Katika wiki tatu walikuwa wameongea mara moja, Dada akasema amechoka, atampigia, na hakupiga.

Kufikia adhuhuri maneno yale yalikuwa yakizunguka kwenye simu za watu, kipande cha nusu dakika, pamoja na kicheko cha mtangazaji. Watu waliokuwa wamemsahau walimpigia kumpongeza. Kesho yake, kwenye mjadala ule ule, kiongozi wa wafanyabiashara alisema kwamba hata wauguzi wenyewe wamekiri hawana kazi. Mwenyekiti wa wenye kumbi alimpigia Vigelegele, akamwomba awasemee kwenye kikao cha kukusanya maoni, Jumanne inayofuata. Alikubali. Jioni hiyo alimpigia Dada, simu ikaita bila kupokelewa, naye akajikuta ameshusha pumzi. Aliiona nafuu ile moyoni mwake na hakuipenda, lakini hakuichunguza.

Jumamosi asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa shemeji yake, mume wa Dada, mwalimu wa hesabu, mtu asiyepoteza neno. Alikataa kuingia. Alisimama nje kwenye korido, barakoa usoni, mikono nyuma, akasema alichokuja nacho kwa mpangilio kama anaandika ubaoni.

Alisema Dada hajalala nyumbani wiki ya sita sasa. Analala kwenye bweni la chuo cha uuguzi, jirani na hospitali, asije akawapelekea wanawe ugonjwa, na watoto wanamwona kwenye simu tu. Alisema kwenye chumba ambacho wauguzi hupumzika kuna redio, na Alhamisi ilikuwa imewashwa. Sauti waliitambua wote, maana wawili kati yao Vigelegele mwenyewe ndiye aliyesherehesha harusi zao. Tangu siku hiyo Dada akikaa, wenzake wanainuka. Na msimamizi wa wauguzi amemtaka aandike barua ya kujieleza kwa nini anatoa nje habari za uongo kuhusu wodi.

"Sikuja kugombana," shemeji alimaliza. "Dada yako amenituma swali moja, ili ajue cha kuandika. Alikwambia lini?"

Vigelegele alishika kitasa. Lilikuwa swali la mkewe, ila sasa halikuwa na pa kukwepea.

"Hakuniambia, shemeji. Nilitunga."

"Najua," shemeji alisema. "Nitamwambia umekiri." Akashuka ngazi polepole, bila hata kugeuka.

Kuna aibu ya kushtukia zipu iko wazi, ambayo mtu huicheka jioni. Hii ilimkaa mwilini kama homa. Alirudi ndani asijue akae wapi. Watoto walikuwa wakitazama picha kwenye simu, na kutoka kwa jirani, ukutani, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema pipa la maganda, na kicheko, na jirani anairudisha tena mwanzo. Aliingia chooni akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Alimkumbuka Dada akiwa na miaka ishirini, akimkagua kucha kabla ya shule. Mkewe alikuja akagonga, akauliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Angefurahi kama angekuwa anaumwa.

Jumapili alikwenda hospitali. Mlinzi wa geti hakumruhusu, ila alimwonyesha uzio wa waya upande wa chumba cha kufulia, ambako saa nne watu hupokelewa vitu vya wagonjwa wao. Walikuwepo kama ishirini, kila mmoja na mfuko wa nguo safi wenye jina kwenye karatasi. Mhudumu mmoja alikuwa akiita majina na kupokea mifuko. Mwanamke aliyekuwa mbele ya Vigelegele alipofika, mhudumu hakupokea mfuko wake. Alimpa mwingine, wenye nguo za mgonjwa wake zilizokunjwa vizuri na jozi ya viatu juu yake. Mwanamke alivitazama vile viatu, kisha akakaa chini, pale pale kwenye kokoto, mifuko yote miwili mapajani. Hakulia. Watu walisogea kumpa nafasi, hakuna aliyeruhusiwa kumshika.

Vigelegele alitazama pembeni. Wote pale walikuwa na simu, na alivuta barakoa yake mpaka chini ya macho, asije mtu akamtambua.

Dada, aliyepelekewa ujumbe na yule mhudumu, alitoka baada ya saa nzima. Kwanza Vigelegele hakumjua. Alikuwa amekonda, kwenye mashavu ana alama mbili za barakoa zilizokaza hadi ngozi kuwa nyeusi, na mikono imechubuka kwa sabuni kama ya mtu aliyekuwa akikoroga chokaa. Alisimama mbali na waya, hatua tatu nne.

"Dada, nisamehe," alisema.

"Alhamisi nilikuwa nimemshikia mgonjwa simu aongee na wanawe," Dada alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwumiza. "Alipomaliza nikatoka ninywe maji. Ndipo nikakusikia."

"Sikujua hali ilivyo."

"Hukujua, ukasema. Ungesema hujui, nani angekupiga?"

Vigelegele aliinamisha kichwa. Dada aliendelea kwamba kufunguliwa au kutofunguliwa kwa kumbi hakuko mikononi mwake. Naye ana mtoto anayeshinda dirishani akililia shule, naye anaona majirani wanavyokonda, na pengine wanaotaka kufungua wana haki yao. Angeulizwa, angesema hayo na mengine. Lakini hakuulizwa.

"Umenitia mdomoni maneno yasiyo yangu," alisema. "Nimefanya kazi na wale wanawake miaka ishirini na miwili. Wanadhani nikitoka hapa naenda kuwasengenya kwa mdogo wangu."

"Nitarekebisha, Dada. Nitasema hadharani."

"Sema. Ila usinisifie. Nakujua. Ukianza kunisifia utatunga tena." Alitazama saa. "Narudi ndani. Nenda ukanawe mikono."

Siku hiyo hiyo alipiga redioni. Mtangazaji, alipoelewa anachotaka, alipoa. Alisema mjadala wa kesho ni wa shule, na keshokutwa ni wa masoko, watatazama kama kuna nafasi. Vigelegele alirekodi maelezo yake kwenye simu akayatuma. Yalipokelewa, hayakurushwa. Alipouliza, aliambiwa kwa upole kwamba watu wameshasonga mbele, kaka.

Jumanne alivaa suti ya kahawia. Kikao kilifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mji, ambamo alikuwa amesherehesha harusi zisizohesabika. Sasa hapakuwa na maua wala vitambaa, viti tu, vimepangwa mbali mbali, kila kimoja ndani ya duara la chaki. Mbele walikaa wajumbe watano wa kamati, na kila msemaji alipewa dakika tatu. Wapambaji, wapishi na wapiga picha walikuwa safu ya tatu. Mwenyekiti wa wenye kumbi alimnong'oneza kutoka duara la jirani aanze na ile ya karanga, itawachangamsha wazee.

Alipoitwa, alisimama mbele ya maiki akaishika kwa mikono miwili kama mgeni. Hilo halikuwa limewahi kumtokea.

"Mimi ndiye niliyesema redioni kwamba wauguzi wanakula karanga," alianza. Watu walicheka, kwa upendo. "Nilisema uongo."

Walicheka zaidi. Mmoja nyuma alipiga makofi. Walidhani ni utangulizi, kwamba kuna kichekesho kinakuja nyuma yake, na wakatulia wakikisubiri nyuso zikiwa tayari. Vigelegele aliziona nyuso zile, akajua ni yeye aliyezifundisha miaka kumi na saba zisimwamini. Ardhi ingepasuka angeingia kwa hiari.

"Sitanii," alisema. "Sitanii, jamani. Dada yangu hakuniambia neno. Nilitunga pale pale kwenye simu, kwa sababu niliulizwa swali nisilo na jibu lake. Hali ya wodi siijui. Waulizeni walioko wodini."

Kicheko kilikatika upande mmoja wa ukumbi, kisha upande wa pili, kama taa zinazozimwa moja moja. Aliendelea kwa shida, akirudia maneno. Alisema watu wa sherehe wana njaa kweli, wameuza vyombo vyao kweli, na kamati iyasikie hayo kwa sababu ni kweli na hayakuhitaji uongo wake. Alitaka kusema kwamba Dada ndiye mtu bora kuliko wote anaowajua. Neno lilifika ulimini, akalirudisha. Alisema ahsante akaondoka, zikiwa zimebaki zaidi ya dakika moja.

Mwenyekiti wa wenye kumbi alishasimama kutangaza kwamba huyu bwana hawawakilishi. Mpambaji mmoja, mama mtu mzima waliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alimwangalia akipita.

"Tulikuwa na dakika tatu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umezitumia kujisafisha."

Neno hilo alilibeba muda mrefu, kwa sababu hakuweza kusema si kweli.

Wiki tatu baadaye vizuizi vililegezwa kidogo: watu hamsini ukumbini, madirisha wazi, hakuna kukumbatiana. Hakuna aliyeweza kusema ni maoni ya nani yaliyokuwa na uzito. Ila ungamo lake halikuzunguka kwenye simu za watu. Kilichozunguka, miezi mingi, ni kile kipande cha kwanza. Kwenye duka la nyama muuzaji alimpunja mteja mwingine ili amwongezee yeye, akasema huyu ndiye aliyetufungulia mji. Vigelegele alisema, "Mimi nilidanganya," na duka zima likacheka, mtu akampiga bega. Alijaribu tena kwa kinyozi, na kwenye foleni ya maji. Kadiri alivyosema ndivyo walivyomwona mcheshi. Mwishowe akawa anasema mara moja, kwa kifupi, kisha ananyamaza na kuvumilia.

Wenye kumbi walitafuta mshereheshaji mwingine, kijana wa sauti nyembamba. Vigelegele alibaki na mahafali ya hapa na pale, na kukodisha spika zake kwa mikutano. Suti ya kijivu mkewe aliipunguza ikamfaa mtoto wao mkubwa.

Dada alirudi kulala nyumbani wimbi la kwanza lilipopungua. Shemeji alisema suala la barua ya kujieleza lilifungwa, maana msimamizi alipata kumbukumbu za kikao kile, na kwamba baadhi ya wenzake wamerudi kukaa naye. Si wote. Mmoja wao, rafiki yake wa tangu chuoni, aliugua na kufariki kabla hawajapatana. Vigelegele alisikia hilo kwa shemeji, si kwa Dada. Akimpigia, Dada alipokea, akauliza watoto hawajambo, akasema yuko kazini. Nyumbani kwa Vigelegele Dada hakukanyaga miezi saba.

Kisha asubuhi moja akapiga mwenyewe. Hospitali ilikuwa inafanya kisomo cha majina ya wahudumu wake waliofariki, uwanjani, siku ya Ijumaa saa tatu.

"Spika zako bado unazo?"

"Ninazo, Dada."

"Tunataka vyombo tu. Mtu wa kusoma tunaye."

"Nimeelewa."

Alifika saa kumi na mbili na nusu, akavuta nyaya, akaweka spika mbili kila upande. Wauguzi walianza kuja wakiwa na sare, wakasimama kwa safu. Ilibidi ajaribu maiki, na katika maisha yake hakuwa amewahi kujaribu maiki bila kutupia mzaha. Aliisogeza mdomoni.

"Moja, mbili," alisema.

Vichwa vitatu vinne viligeuka. Waliitambua sauti. Muuguzi mmoja kijana, ambaye harusi yake alikuwa ameisherehesha, alimtazama kwa muda bila kutabasamu, na Vigelegele hakuyakwepa macho yake ingawa masikio yalimwaka moto. Alirudisha maiki mahali pake. Yule muuguzi akaja, akasema atakayesoma ni mfupi, kistendi kishushwe. Alikishusha. Akauliza kama hapo panatosha, naye akasema panatosha.

Majina yalikuwa tisa. Aliyasikiliza akiwa amechuchumaa nyuma ya mashine yake, kidole kwenye kitufe cha sauti. La sita lilikuwa la rafiki wa Dada. Dada alikuwa safu ya mbele, mgongo umenyooka, na Vigelegele aliona mabega yake yakitikisika mara moja, kisha yakatulia. Hakumwendea. Kisomo kilipokwisha alianza kukunja nyaya.

Dada alipita karibu naye akiwa njiani kurudi wodini. Alisimama.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Kantini wanafungua saa nne. Waambie nitalipa mimi," Dada alisema, akaingia ndani.

Alikwenda. Alikaa meza ya mwisho, peke yake, akala akiwa ameinamisha kichwa.